Pyrilampes wa Athens na Jamaa Zake

Plato ajulikana na kila mwanafunzi wa falsafa. Pyrilampes hajulikani ila na wachache. Hapana mwandishi wa kale aliyekaa akamwandikia habari za maisha yake tangu mwanzo hata mwisho. Jina lake huokotwa kwa vipande: kimoja katika mazungumzo yaliyotungwa na Plato, kimoja katika mchezo wa kuchekesha, kimoja katika hotuba ya mahakamani, na vingine katika maandiko ya Plutarch, aliyeishi zaidi ya miaka mia tano baada yake. Walakini vipande hivyo vikikusanywa na kupangwa, huonekana mtu mzima: mwungwana wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo, mrefu wa kimo, mzuri wa sura, balozi kwa mfalme wa Uajemi, rafiki wa Pericles, mfuga tausi, mjomba wa Charmides, na baba wa kambo wa Plato.

Mtu wa namna hii astahili kuchunguzwa kwa sababu moja kubwa. Waandishi wengi wamezoea kuieleza chuki ya Plato kwa demokrasia kwa damu yake. Husema kwamba alizaliwa katika ukoo wa mabwana, kwamba jamaa zake walikuwa miongoni mwa wale Thelathini walioipindua serikali ya watu, na kwa hiyo hakuweza kufikiri ila kama mabwana walivyofikiri. Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na nusu iliyosalia imo katika nyumba ya Pyrilampes. Kama nasaba ndiyo ifanyayo fikira za mtu, basi lazima nasaba yote ihesabiwe, si upande mmoja tu.

Na tuianze nasaba yenyewe. Pyrilampes alikuwa mwana wa Antiphon. Dada yake aliolewa na Glaucon, mtu wa ukoo mkongwe uliojivunia Dropides, jamaa na rafiki wa Solon, yule mtunga sheria wa mwaka 594 kabla ya Kristo. Glaucon na mkewe walizaa mtoto wa kiume, Charmides, na wa kike, Perictione. Glaucon alikuwa na ndugu, Callaeschrus, na mwana wa Callaeschrus ndiye Critias, ambaye jina lake litarejea mbele kwa ubaya. Perictione aliolewa kwanza na Ariston, ambaye jamaa zake walidai kuwa walitokana na Codrus, mfalme wa Athens wa zama za hadithi. Watoto wao walikuwa wanne: Adeimantus, Glaucon aliyepewa jina la babu yake, Plato, na binti mmoja, Potone. Plato alizaliwa kati ya mwaka 428 na 423. Akali mdogo, Ariston akafa, na Perictione akabaki mjane. Ndipo Pyrilampes, mjomba wake mwenyewe, alipomwoa.

Msomaji wa pwani yetu atashtushwa na ndoa hii. Mjomba kumwoa mpwa wake ni haramu katika sheria ya Kiislamu, na ni mwiko kwa watu wengi wa bara vile vile. Sheria ya Athens haikuona hivyo. Ilikataza ndugu wa tumbo moja kuoana, lakini iliruhusu ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, na iliruhusu mjomba au ami kumwoa binti wa ndugu yake. Sababu haikuwa mapenzi, bali ulinzi na mali. Mwanamke wa Athens hakuwa na nafsi mbele ya sheria: daima alikuwa chini ya mlinzi wa kiume, akiwa ni baba, mume, ndugu, au mwana. Tena alipoolewa alitoka kwao na mali iliyokabidhiwa mumewe, na alipofiwa mali hiyo haikuwa na budi kumfuata arudiko. Kumwoza mjane kwa mtu wa ukoo kulikuwa kuirudisha mali nyumbani na kuwapa mayatima mlezi asiyekuwa mgeni. Basi kwa hesabu ya udugu kama tuijuavyo sisi, Pyrilampes alikuwa babu wa Plato, kwa kuwa alikuwa ndugu wa bibi yake mzaa mama. Na kwa ndoa akawa baba yake wa kambo. Mtoto yule alilelewa na mtu ambaye alikuwa wake mara mbili.

Pyrilampes alikuwa nani mjini? Katika mazungumzo yaitwayo Charmides, Plato amfanya Socrates kumsifu kijana Charmides kwa nyumba mbili alizotoka. Kwa upande wa baba yataja jina la Dropides na la Solon. Kwa upande wa mama lataja jina moja tu, la Pyrilampes, na sifa yake ni kwamba kila alipokwenda kwa ujumbe kwa Mfalme Mkuu wa Uajemi au kwa wakuu wengine wa Asia, hapakuonekana katika bara lile mtu aliyempita kwa uzuri na kimo. Mtu wa leo aweza kuicheka sifa hii, lakini watu wa Athens hawakuicheka. Mji haukuwa na mabalozi wa kudumu wala wafanyakazi waliofunzwa kazi hiyo. Ujumbe ulipotakiwa, mkutano wa raia uliwachagua watu wenye sura ya kuheshimika, wenye ulimi, wenye uwezo, na zaidi ya hayo yote wenye kujulikana ng'ambo. Aliyekwenda mara moja akapokewa vema alipata rafiki huko, na urafiki huo ulirithiwa na watoto wake. Ujamaa wa namna hii haukutokana na damu, lakini Wagiriki waliuhesabu karibu sawa na wa damu.

Kwa kauli ya wanahistoria walio wengi, safari hizo za Uajemi ndizo zilizoleta tausi katika nyumba ya Pyrilampes. Asili ya ndege huyu ni Bara Hindi, na katika Athens ya siku zile alikuwa ajabu kubwa. Habari zake zatoka katika hotuba ya Antiphon msemaji, ambaye si baba wala mwana wa Pyrilampes bali mtu mwingine mwenye jina hilo hilo. Hotuba iliandikwa kwa daawa iliyohusu ndege hao, wakati walipokuwa mikononi mwa Demos, mwana wa Pyrilampes. Humo yaelezwa kwamba watu waliruhusiwa kuingia kuwatazama siku ya mwezi mwandamo, na aliyekuja siku nyingine alirudishwa mlangoni. Kwamba wageni walitoka mpaka Sparta na Thessaly kwa kuwatazama na kutaka mayai yao. Na kwamba desturi hii ilikuwa imedumu zaidi ya miaka thelathini. Hesabu ndogo yafaa kufanywa hapa. Antiphon msemaji aliuawa mwaka 411 kabla ya Kristo. Kwa hiyo tausi walikuwa wamekwisha fika Athens kabla ya mwaka 441, zama za enzi ya Pericles, vita vya Sparta visijaanza. Hivyo ndivyo neno moja la mahakamani lisilokusudiwa kuwa historia limpavyo mwanahistoria mwaka wake.

Tausi walimletea mwenyewe sifa na masengenyo pamoja. Plutarch aeleza kwamba wachekeshaji wa jukwaani walimzulia Pyrilampes, rafiki wa Pericles, kwamba aliwapelekea tausi kwa siri wanawake waliokuwa wakihusiana na Pericles. Kama ni kweli au si kweli, hilo si kubwa. Mchekeshaji hana kiapo. Kubwa ni kwamba watazamaji elfu kwa maelfu waliweza kuelewa mzaha huo bila ya kuelezwa. Jina la Pyrilampes na la Pericles yalikuwa yakienda pamoja katika vinywa vya watu, kama majina ya mtu na msiri wake. Hata mwaka 425, katika mchezo wa Aristophanes uitwao Waakarnia, mkulima mmoja aliyechoshwa na vita awalalamikia mabalozi warudio kwa mfalme wa Uajemi na tausi wao na majivuno yao. Kwa mwananchi wa kawaida tausi alikuwa amekwisha kuwa alama ya mwungwana alishaye fahari kwa kazi ya umma.

Walakini urafiki wa Pyrilampes na Pericles haukuwa wa mezani tu. Pericles ndiye aliyewawekea ujira raia walioketi mahakamani kuamua kesi, ili maskini naye aweze kuhukumu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nyumba kubwa kwa mama yake, wala hakuona ajabu kwamba waungwana waiongoze serikali ya watu. Pyrilampes alikuwa wa kundi hilo, na ushahidi wake mkubwa haumo katika maneno ya adui wala ya rafiki, bali katika jina alilompa mwanawe.

Desturi ya Athens ilikuwa kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa maana yake, kwa kuwa desturi ya kumrudisha babu kwa jina yajulikana sana Afrika Mashariki. Baba yake Pyrilampes aliitwa Antiphon. Kwa kanuni, mwana wa kwanza aliyezaliwa na mke wa awali, kabla ya Perictione, alistahili kuitwa Antiphon. Hakuitwa hivyo. Aliitwa Demos, na maana ya demos ni watu, yaani raia wote wa mji, neno lile lile lililo mwanzo wa jina la demokrasia. Jina hili lilikuwa adimu mno kwa mtu mmoja. Pyrilampes alimpokonya babu haki yake akaipeleka kwa umma. Hata alipozaa na Perictione mwana mwingine, ndipo deni la babu lilipolipwa, na mtoto akaitwa Antiphon. Mtu asiyeipenda serikali ya watu hafanyi hivyo nyumbani mwake, na katika jambo linalosikiwa kila siku mtoto aitwapo.

Demos alikua akawa kijana mzuri kama baba yake, na wachekeshaji hawakumwachia. Katika mchezo wa Nyigu, ulioonyeshwa mwaka 422, Aristophanes ataja kwamba watu waliandika milangoni kumsifu Demos wa Pyrilampes kwa uzuri, na mzee mmoja aliyeshikwa na wazimu wa mahakama aliandika kando yake sifa za mdomo wa chombo cha kura, kwa neno linalokaribia sana kusikika kama Demos. Eupolis naye, mtungaji wa zama hizo hizo, alimdhihaki kwa kuuliza kama masikio yake yalikuwa na nta. Plato mwenyewe, katika mazungumzo ya Gorgias, amfanya Socrates kumwambia Callicles kwamba ana wapenzi wawili wa jina moja, demos ya Athens na Demos wa Pyrilampes, na kwamba hawezi kumpinga hata mmoja wao, kila wabadilipo neno naye hubadilika. Mzaha huu watoka katika kalamu ya mtu aliyekuwa akimzungumza ndugu yake wa nyumba moja.

Jambo moja la Demos laonyesha kwa uwazi kuliko yote jinsi ujamaa wa ng'ambo ulivyokuwa mali. Karibu na mwaka 390 mji ulimtwika mzigo wa merikebu ya vita iliyokuwa ikienda Cyprus. Mzigo huu waliubeba matajiri kwa zamu: mwenye zamu aliigharimia merikebu moja yenye watu wapatao mia mbili kwa muda wa mwaka. Demos alihitaji fedha taslimu. Alikuwa na bakuli la dhahabu alilolipata kwa mfalme wa Uajemi, likiwa ishara ya urafiki. Akataka kuliweka rehani kwa mtu mmoja aitwaye Aristophanes, ambaye si yule mtunga michezo, apewe mina 16, yaani drakma 1,600. Akifika Cyprus atalikomboa kwa mina 20. Aliyekuwa na haja ya fedha alitoa hoja ya ajabu: kwamba bakuli lile lilimfaa kuliko dhahabu yake, kwa kuwa kila alipolionyesha katika bara la Asia angeaminiwa na kupewa mali. Mwishoni mwa karne ya 5 fundi stadi wa Athens alipata drakma moja kwa siku; rehani ile ilikuwa kazi ya miaka kadhaa. Aristophanes hakuwa na fedha hizo, na habari yote imetufikia kwa sababu tu Lysias aliitaja katika hotuba ya kuonyesha kwamba mtu yule hakuwa tajiri kama watu walivyodhani. Pyrilampes alikwisha kufa, lakini nyayo alizozikanyaga Asia zilikuwa bado zikimlisha mwanawe.

Sasa na tuugeukie upande wa pili wa nyumba. Mwaka 404 Athens ilishindwa na Sparta, na serikali ikaingia mikononi mwa watu thelathini. Kiongozi wao mkali alikuwa Critias, mwana wa ami yake Perictione. Katika miezi michache waliwaua raia wasiopungua 1,500, wengine kwa uadui na wengine kwa tamaa ya mali zao. Charmides, mpwa wa Pyrilampes, aliyesifiwa ujanani kwa uzuri na haya, alikuwa mmoja wa kumi waliotawala bandari ya Piraeus chini yao. Mwaka 403 wanademokrasia waliokuwa uhamishoni walirudi kwa silaha, na katika vita vya Munychia, kilima cha Piraeus, Critias na Charmides waliuawa siku moja. Demokrasia ikarudi, na yule Demos ambaye jina lake lilikuwa jina lake aliishi akaitumikia kwa mali yake.

Hii ndiyo nyumba aliyokulia Plato. Mjomba wake alikufa akiipiga vita demokrasia. Baba yake wa kambo alikuwa rafiki wa kiongozi wake mkuu. Ndugu yake wa kambo aliitwa kwa jina lake. Mtu asemaye kwamba Plato aliichukia demokrasia kwa kuwa damu ilimwamuru, ajibu kwanza ni damu ipi iliyosema. John Burnet, mtaalamu wa Uskoti, alikwisha wakumbusha wasomaji katika kitabu chake cha mwaka 1914 kwamba mapokeo ya nyumba hii hayakuwa ya maadui wa serikali ya watu. Waraka wa Saba, ambao wataalamu wabishana kama uliandikwa na Plato au la, wasimulia kwamba Thelathini walipotawala jamaa zake walimwita ajiunge nao, naye akangoja atazame, na baada ya muda mfupi akaiona serikali iliyotangulia kuwa dhahabu mbele ya ile. Kisha demokrasia iliyorudi ikamhukumu Socrates kifo mwaka 399. Plato alikuwa amekwisha kuona kila upande wa ukoo wake ukipata serikali, na kila serikali ikitenda udhalimu. Hukumu yake juu ya demokrasia yaweza kupingwa, na imepingwa kwa haki. Lakini ni hukumu aliyoifikia, si urithi aliokabidhiwa.

Lililo zuri ni kwamba hakuwatupa jamaa zake. Aliwaweka katika vitabu vyake kila mmoja mahali pake. Adeimantus na Glaucon ndio wasemao na Socrates katika Jamhuri. Charmides na Critias wamo katika Charmides, wakiulizwa kiasi na kujizuia ni nini. Plato aliandika hayo baada ya kufa kwao, naye hakuongeza neno juu ya mwisho wao, kwa kuwa kila msomaji aliujua. Antiphon, mwana wa Pyrilampes na Perictione, amo mwanzoni mwa Parmenides. Kaka zake wa mama wawapeleka wageni kutoka Clazomenae nyumbani kwake, wamkuta akimpa fundi hatamu aitengeneze. Ujanani alikuwa ameyahifadhi kwa moyo mazungumzo magumu ya Parmenides, Zeno na Socrates, lakini sasa siku zake azitumia kwa farasi, kama yule babu wa jina lake. Katika sentensi chache Plato aonyesha jinsi ukoo urudivyo ndani ya mtu, na jinsi mtu yule yule awezavyo kubeba jambo lisilotoka katika ukoo wake kabisa.

Katika Jamhuri Plato alitaka walinzi wa mji wasiwe na jamaa, mzazi asimjue mwana wala mwana asimjue mzazi, ili pasiwe na changu na chako. Aliyeziona nyumba za Athens zikigawanyika kwa serikali na kuchinjana kwa mali alikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Lakini alipokufa mwaka 347 au karibu nao, shule yake ya Akademia haikwenda kwa mwanafunzi aliyekuwa mgeni. Aliyeiongoza baada yake mpaka mwaka 339 alikuwa Speusippus, mwana wa Potone, dada yake. Mjomba alimwachia mpwa, kama ambavyo mjomba mwingine, miaka mingi nyuma, alivyompokea mpwa wake mjane pamoja na watoto wake katika nyumba yenye tausi.